Ukinunua inveta ya sola, soma ubavuni kabla ya kusoma boksi

Mtu akiniuliza anunue inveta gani, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani, mimi humuuliza kwanza: saa tatu usiku kwako kunawaka nini? Wengi hawana jibu. Wana picha ya boksi kwenye simu, limeandikwa 5000W kwa maandishi mekundu, na wanataka niwaambie kama ni nzuri. Siwezi kusema. Namba hiyo kubwa ndiyo inayouza inveta, lakini haikuambii kama inveta itaelewana na betri yako, na paneli zako, na friji yako. Hayo yameandikwa kwenye kibandiko kidogo cha ubavuni, kile ambacho muuzaji hakigusi mpaka umwambie aigeuze.

Tuanze na usiku wenyewe, kwa sababu mchana jua linasaidia. Chukua nyumba ya kawaida hapa Jinja, Uganda. Taa nane za LED za wati 9 ni wati 72. Televisheni ya inchi 43 pamoja na dikoda yake, weka 90. Ruta ya intaneti 10, feni 50. Friji ikizunguka inakula wati 120 hivi, ila haizunguki muda wote; kwa siku nzima itamaliza kama uniti moja. Ukijumlisha vyote vikiwaka kwa pamoja hufiki wati 350. Na kuanzia magharibi hadi alfajiri, taa na televisheni zikizimwa watu wanapolala, nyumba hiyo inamaliza uniti moja na nusu, ikizidi sana mbili.

Sasa wati 5000 za nini? Wakati mwingine zina sababu. Birika la umeme linavuta 2000, pasi 1000 na zaidi, pampu ya maji ya nguvu farasi moja inaweza kuhitaji 3000 au zaidi pale inapowaka tu. Kama vitu hivyo vitapita kwenye sola, sawa. Lakini wengi wananunua inveta ya kilowati 5 halafu wanakataza watoto kugusa birika. Hapo ungenunua ya 3000, pesa iliyobaki ukaiweka kwenye betri, maana betri ndiyo inayoamua kama utafika asubuhi.

Kuna jambo ambalo muuzaji halitaji kabisa. Inveta yenyewe inakula. Nyingi za kilowati 5 zinavuta kama wati 50 hata kama hakuna taa hata moja inayowaka, kwa ajili ya kuendesha mashine na feni zake. Wati 50 kwa saa 24 ni uniti 1.2. Linganisha na hesabu ya hapo juu: inveta peke yake kwa siku inakaribia kula sawa na familia nzima usiku mmoja. Ukiwa na betri mbili za asidi za volti 12, 200Ah kila moja, ambazo ni uniti 4.8 lakini hutakiwi kushusha chini ya nusu, umebaki na 2.4 za kutumia kweli. Toa chakula cha inveta cha usiku kucha, hesabu upya. Ndiyo maana mtu analalamika betri ni mbovu na kumbe ni nzima.

Kwenye kibandiko tafuta matumizi ya inveta ikiwa haina mzigo. Kama hayakuandikwa, mwambie muuzaji aiunganishe kwenye betri pale dukani na kipimo cha ampea, hakuna kitu kingine kilichochomekwa. Muuzaji anayejua kazi yake atafanya. Akikataa kwa maneno mengi, ahsante, unaenda duka la jirani.

Halafu inyanyue. Sisemi mzaha. Inveta zenye transfoma kubwa ya shaba ndani ni nzito, za kilowati 3 zinaweza kupita kilo 20, na zinavumilia mshtuko wa mota inapowaka: mara mbili, hata mara tatu ya nguvu zake kwa sekunde kadhaa. Zile nyepesi zinatumia saketi za masafa ya juu; ni nafuu, nyingi kwa matumizi ya kawaida ziko sawa, lakini uvumilivu wao wa kitu kizito ni mfupi. Friji ya zamani ya wati 150 inaweza kuvuta mara tano ya hapo au zaidi pale kompresa inaposhtuka. Utasikia mwenyewe: taa zinafifia kidogo, inveta inaguna, kisha friji inaanza kunguruma. Ikiguna kila mara na kuzima, inveta ni ndogo kwa friji hiyo. Friji mpya zenye kompresa ya inveta (siyo hii ya sola, ni ya ndani ya friji yenyewe) zinaanza taratibu na hazileti shida hii. Kama unapanga kununua vyote viwili, friji ya aina hiyo itakupunguzia ukubwa wa inveta.

Maneno mengine ya kutafuta ni "Pure Sine Wave", yaani umeme wa wimbi laini kama wa nguzo, ule wa gridi. Kuna za bei ya chini ambazo wimbi lake ni la ngazi ngazi. Taa itawaka, simu itachaji, lakini feni italia na mota ya friji itapata joto kupita kiasi. Kwa nyumba yenye friji sijadiliani kuhusu hili. Na tazama kama wamekuandikia kVA au kW. Nyingi za kVA 5 ni kilowati 4 tu.

Sasa volti za betri. Hapa ndipo inveta inapofungamana na kila kitu kitakachofuata, kwa hiyo usiharakishe. Kuvuta wati 3000 kutoka betri ya volti 12 kunataka ampea 250. Waya wa kubeba hizo ni mnene na ghali, na kifundo kimoja kikilegea kinachoma plastiki. Kwa volti 24 ni ampea 125. Kwa 48 ni 62 na nusu. Mimi nasema hivi: taa na televisheni tu, volti 12 inatosha, friji ikiingia, anza na 24, ukifika kilowati 3 na kuendelea au ukitarajia kuongeza baadaye, nenda 48 moja kwa moja. Inveta ya 24 haigeuki kuwa ya 48 kesho ukipata pesa. Utauza na kununua upya.

Upande wa paneli ndiko watu wanaumia zaidi, na wanaumia kimya kimya. Paneli za 550W zilizojaa madukani sasa zina volti karibu 49.5 zikiwa hazijabebeshwa kitu, na kama 41 zikiwa kazini, ampea 13 hivi. Zishike kichwani namba hizo. Kuna inveta za volti 24 ambazo kibandiko kinasema mwisho wa volti za paneli ni 145. Paneli zikiunganishwa kwa mstari volti zinajumlishwa: mbili ni 99, safi. Fundi mwenye pupa akiongeza ya tatu inakuwa 148.5, na hapo umeshapita. Paneli ikipoa volti hupanda, kwa hiyo asubuhi ya baridi kule Kabale utapita zaidi. Ubao wa ndani unaungua, na garantii haitakusikiliza, kwa sababu ubao uliopigwa na volti nyingi unajulikana ukifunguliwa.

Upande wa pili kuna inveta za 48 ambazo sehemu yake ya sola haiamki mpaka ipate volti 120, na mwisho wake ni 450 au 500. Mtu ananunua inveta hiyo na paneli mbili, akisema nyingine atanunua baada ya mavuno. Mbili kazini ni volti 82. Jua linawaka, paneli zinang'aa juu ya mabati, inveta inaonyesha sufuri. Jirani yangu mmoja, Hajati mwenye duka la vitambaa, alikuwa tayari kumshtaki fundi. Nikamwambia, "Hajati, fundi hana kosa, wala paneli hazina kosa. Zinahitaji wenzao." Tatu zinafika 123, ni pembezoni mno, ya nne inakupa 164 na inveta inatulia. Kwetu hapa, ambako tunapata kama saa tano za jua lenye nguvu kamili kwa siku, paneli nne hizo zinaweza kukupa karibu uniti 8 baada ya kutoa hasara za joto, vumbi na waya.

Na hakikisha chaja ya ndani ni MPPT, ile inayoiacha paneli kwenye volti zake zenye nguvu zaidi. Ile ya PWM inaivuta paneli ishuke hadi volti za betri. Paneli ya 550W kwenye betri ya 24 inayochajiwa kwa 27 itakupa ampea 13 mara 27, yaani wati 351. Wati karibu 200 umelipia na hutaziona.

Betri nitapita haraka, nitaiandikia siku nyingine. Ya lithiamu aina ya chuma na fosfeti, ya volti 51.2 na 100Ah, ina uniti 5.12 na unaweza kutumia nne na zaidi bila kuiua. Kama ndiyo unayoitaka, leo au miaka miwili ijayo, inveta lazima iwe na mpangilio wa lithiamu, na vizuri zaidi iwe na tundu la waya wa mawasiliano, ili betri yenyewe iseme inataka chaji kiasi gani. Uliza kama inveta hiyo inazungumza na betri hiyo hiyo unayonunua, siyo lithiamu kwa jumla. Ukiweka inveta iliyopangwa kwa asidi kwenye lithiamu, zima kabisa ile chaji ya kusawazisha, maana inapandisha volti kupita kiasi. Na kwa betri ya asidi ya 200Ah, chaji ya ampea 20 hadi 40 inatosha. Inveta nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa 60.

Kwa sisi wenye Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kuna mipangilio miwili ambayo fundi huiacha kama ilivyotoka kwenye boksi. Wa kwanza ni kipi kitangulie. SBU maana yake jua kwanza, kisha betri, na umeme wa nguzo mwisho. Wengi wanaweka hivyo wakiwa na furaha ya kuikomesha Yaka. Lakini kwa mteja wa nyumbani, uniti 15 za kwanza za kila mwezi ni za bei nafuu kuliko zinazofuata. Zitumie. Mimi naacha betri ya asidi isishuke sana, umeme wa nguzo uchukue zamu mapema, kwa sababu betri iliyochoka kabla ya wakati ni ghali kuliko tokeni za mwaka.

Wa pili ni volti za kuingia. Ukiweka upana wa 90 hadi 280, inveta itapitisha hata umeme dhaifu wa jioni, na friji itakunywa volti 150 huku inatetemeka. Ukiweka 170 hadi 280, umeme ukidhoofika inveta inaukataa na kuhamia kwenye betri. Kwa nyumba yenye friji na kompyuta, weka huo wa pili. Tuko karibu na bwawa la Nalubaale, linalozalisha umeme tangu 1954, Karuma nayo imeongeza megawati 600, lakini umeme unaofika kwenye soketi unategemea transfoma ya mtaani na idadi ya watu wanaopika kwa pamoja saa moja usiku.

Kuna inveta zinazoletwa kwa bei ya kuvutia ambazo zimetengenezwa kushirikiana na nguzo tu, hazina sehemu ya betri. Umeme wa nguzo ukikatika nazo zinajizima, hata saa sita mchana, kwa makusudi, zisije zikamrushia umeme fundi aliye juu ya nguzo. Kwa Uganda, labda kiwanda. Nyumbani, hapana.

Radi. Pwani hii ya Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na paneli zako ndizo ziko juu. Waya wa ardhi uwe na fimbo yake iliyozama kweli, si msumari uliopigwa kando ya ngazi, na weka kinga ya mshtuko upande wa paneli na upande wa nguzo. Breka ya upande wa paneli na betri iwe ya DC, yaani ya umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Breka ya kawaida ya nyumba inategemea umeme unaopanda na kushuka ili kuzima cheche. Kwenye DC cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani yake. Fundi wako awe na kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda, na akuonyeshe, asikuelezee.

Kuhusu chapa, watu hugombana kama mashabiki wa mpira. Victron ya Uholanzi ni imara na bei yake unaijua ukiisikia. Growatt, Deye na nyingine za China zimesambaa, na hilo ni jambo kubwa kuliko sifa za kwenye karatasi: fundi wa mjini kwako ameshazifungua, na ubao wa ndani unapatikana Kampala bila kuagiza ng'ambo. Kabla ya kulipa uliza nani anatengeneza ikiharibika, na risiti iandikwe namba ya utambulisho ("serial number") ya inveta hiyo, siyo jina lake tu.

Iweke ukutani mahali penye hewa, si juu ya betri za asidi, na matundu yake yazibe kwa wavu mwembamba wa chuma usiozuia hewa. Mijusi wanapenda joto la humo, na mjusi mmoja akilala kwenye ubao ni inveta nzima. Ukutani kando yake andika kwa kalamu ya wino mzito: kuwasha, betri kwanza kisha paneli, kuzima, paneli kwanza kisha betri. Wewe hutakuwa nyumbani siku itakapohitajika kuzimwa.