Kumwonyesha mteja kazi inavyokwenda

Ndugu, umeuliza jinsi ofisi ya watu watatu inavyoweza kumwonyesha mteja wa tovuti kila hatua ya kazi bila kupigiwa simu kutwa kucha. Sisi tuko wanne hapa Nairobi, na kilichotusaidia zaidi ni kumpa mteja, tangu wiki ya kwanza, anwani ya tovuti ya majaribio inayolindwa kwa nywila, ili aione ikijengwa hata kama bado haina picha wala maandishi yake. Pamoja nayo huwa kuna ubao wa Trello, programu ya mtandaoni ambamo kila kazi huwa na kadi yake, na kadi iliyokwama huandikwa sababu yake waziwazi: "Tunasubiri orodha ya bei kutoka kwako tangu Jumanne." Kadi za namna hiyo zimetuepusha na mabishano mengi kuliko mkataba wenyewe.

Saa za kazi mwonyeshe zote, zikiwemo zile ulizopoteza kwa kosa lako mwenyewe, ila hizo usimtoze.

Jambo ambalo wengi hulificha ni umiliki. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, liwe la .co.ke au .com, lisajiliwe kwa jina la mteja na kwa barua pepe yake, na katika ankara utenganishe ada ya usajili, ambayo kwa kawaida hulipwa kila mwaka, na ujira wako. Tuliwahi kumpokea mwenye duka ambaye fundi wake wa awali ndiye aliyeshikilia nywila zote, na ikatuchukua wiki tatu kumrudishia jina la kikoa la duka lake.