Chumba na sebule Kimara kwa 150,000

Ndugu, umeuliza kuhusu kupanga chumba na sebule Kimara, Dar es Salaam, kwa 150,000 kwa mwezi. Kwa kuwa kazi yako iko Kariakoo, tafuta karibu na barabara ya mabasi ya mwendokasi. Nyumba ya bei rahisi huko ndani hukulipisha bodaboda kila siku. Piga hesabu mapema: 150,000 kwa miezi 6 ni 900,000, na dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi 1, jumla 1,050,000. Omba kulipa miezi 3 badala ya 6.

Kabla ya kulipa, uliza kuhusu LUKU, yaani mita ya umeme. Mita ya kuchangia huleta ugomvi, maana mwenye friji na asiye nayo hulipa sawa. Fungua bomba mwenyewe uone kama maji yanatoka. Mwenye nyumba mthibitishe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwani matapeli hupangisha chumba kimoja kwa watu watatu, na hela mpe mwenye nyumba mwenyewe, mkiwa na mkataba.