Kabla ya kuuliza mashine ina nguvu gani, uliza gemu linaingiaje

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya boksi WhatsApp na swali lile lile: "Kaka, hii vipi, nichukue?" Boksi huwa la mashine ya kuchezea magemu: linaweza kuwa la PS5 (PlayStation 5 ya Sony), la Switch 2 ya Nintendo, au la kile kidude cheusi chenye nembo ya Xbox ambacho si Xbox. Muulizaji anakuwa ameshasoma kila kitu: 4K, fremu 120, sijui chipu ya kizazi gani. Mimi namrudishia swali moja: gemu litaingiaje humo ndani?

Kama una faiba nyumbani isiyo na kikomo, makala hii unaweza kuipita. Wengi wetu hapa Dar intaneti ya nyumbani ni simu iliyowashwa hotspot, na bando la wiki. Baldur's Gate 3 kwenye kompyuta inataka GB 150 za nafasi. Call of Duty za miaka hii zinavuka GB 100 bila aibu. Piga hesabu ya bando, halafu kumbuka kwamba bando likiisha muda wake linaisha tu, hata kama gemu limefika asilimia 80. Likishashuka lote, zinaanza sasisho. Ndiyo maana kwangu mashine yenye mlango wa CD ina thamani kubwa kuliko hata walioitengeneza wanavyodhani.

Tuanze na PS5, kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. Ilitoka Novemba 2020 kwa sura mbili: yenye CD dola 499, na Digital isiyo na CD dola 399. Watu wakaiona ile dola 100 kama punguzo. Kwa mazingira yetu si punguzo, ni deni. CD ukiimaliza unaiuza, au unachenji na mwenzako kwa kuongezea kidogo. Ukiwa na Digital, duka lako ni moja tu, la Sony, kwa bei ya Sony, na ulichonunua hakiuziki kwa mtu mwingine. Watu wa mpira wanalijua hili vizuri: kampuni ya EA inatoa FC, gemu lao la mpira, mpya kila Septemba, na ile ya mwaka jana inaporomoka bei mpaka unaona huruma. Mwenye CD anaipata kwa hela ya kula mchana, anacheza na washkaji, wala hakuna anayelalamika kwamba usajili wa timu umepitwa. Juu ya hapo, CD za PS4 karibu zote zinafanya kazi kwenye PS5, na CD za PS4 zimejaa mjini.

Mwishoni mwa 2023 ikaja PS5 nyembamba, ile wanayoiita Slim. Jambo zuri lililokuja nayo ni kwamba kisomea CD kinachomoka. Ukinunua Digital ya Slim leo, kesho ukipata hela unaongeza kisomea. Digital ya mwanzo, ile pana ya 2020, haiongezeki kitu, kwa hiyo usidanganywe na muuzaji anayekwambia "hiyo utaweka tu baadaye". Na kuna kitu kimoja ambacho wauzaji wengi hawakisemi: kisomea hicho kikifungwa mara ya kwanza, mashine lazima iwe na intaneti ili ikisajili. Bila hivyo CD haisomi, hata uipige busu. Maliza kazi hiyo pale pale dukani kwa wifi yao.

PS5 Pro ilitoka tarehe 7 Novemba 2024 kwa dola 699, ikiwa na hifadhi ya TB 2 na bila kisomea CD. Ni mashine nzuri, sina ugomvi nayo. Ila nimeicheza kwenye TV ya inchi 32 sebuleni kwa rafiki yangu, na kusema kweli, tulikuwa tunatafuta tofauti kama watu waliopoteza funguo. Kama TV yako si 4K kubwa, hiyo hela ya ziada nunulia TV kwanza.

Hifadhi nayo ina ujanja wake. PS5 ya mwanzo imeandikwa GB 825, lakini zinazobaki kwako ni kama GB 667. Ikijaa, usikimbilie diski ya USB ukidhani umemaliza: magemu ya PS5 unaweza kuyahifadhi huko, ila hayachezeki kutoka huko, mpaka uyarudishe ndani. Ya PS4 ndiyo yanachezeka moja kwa moja. Cha kununua ni SSD ya M.2 aina ya NVMe ya kizazi cha nne, yaani kipande chembamba cha hifadhi kinachofungwa ndani ya mashine, ambayo Sony wanashauri iwe na kasi ya MB 5,500 kwa sekunde au zaidi. Unaifunga mwenyewe kwa bisibisi, haihitaji fundi.

Sasa, wengi hatununui mpya. Tunanunua iliyotoka Dubai au Uingereza, imefutwa vumbi na kuwekwa kwenye boksi la kupendeza. Hakuna ubaya, ila ukienda Kariakoo usiende mikono mitupu: chukua CD yako mwenyewe, usikubali ya muuzaji. Iingize na usikilize. Inatakiwa ivutwe taratibu, izunguke kwa kelele kidogo, kisha itulie. Ikikwaruza, au mashine ikiitema na kuivuta tena, shukuru na uondoke. Ikikubali, fungua gemu la mpira, anza mechi, kisha weka pedi mezani na usiiguse. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe kuelekea kwenye kibendera cha kona, analogi (kile kijiti cha kidole gumba) imechoka, na pedi ya PS5 si ya bei ndogo. Mwisho omba kubandua kava la pembeni, halihitaji bisibisi. Ndani kuna matundu mawili yaliyotengenezwa makusudi kukusanya vumbi. Yakiwa yamejaa na feni imevaa sweta la vumbi, hiyo mashine imeishi maisha magumu, na bei ishuke kulingana na maisha hayo.

Soma pia maandishi ya boksi, hasa ya Kijapani. Novemba 2025 Sony walitoa Japani PS5 Digital ya yeni 55,000, ambayo ni rahisi sana. Inaongea Kijapani tu na inakubali akaunti za Japani tu. Nintendo walifanya vivyo hivyo na Switch 2: ya Kijapani pekee yeni 49,980, ya lugha nyingi yeni 69,980. Mashine kama hizi zikitoka Japani na kusambaa kwenye masoko ya nje, bei yake itakuvutia na huwezi kuibadilisha lugha hata ukimwita fundi wa namna gani. Washa, nenda kwenye mipangilio, tafuta Kiingereza. Usipokiona, rudisha.

Kuhusu akaunti: PSN, mtandao wa PlayStation, haina Tanzania wala Kenya kwenye orodha yake ya nchi. Ndiyo maana watu huku wana akaunti za Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Wengi hatukulifikiria hili sana hadi Mei 2024, Sony walipotaka wachezaji wa gemu la Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PSN, na gemu likaondolewa sokoni Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, katika nchi zisizo na huduma hiyo. Kelele zikapigwa, Sony wakarudi nyuma ndani ya siku chache. Ushauri wangu: chagua nchi moja ubaki nayo. CD za PS5 hazina mipaka, yoyote inacheza, lakini nyongeza za gemu zinafuata eneo la CD, na kadi za kujazia hela lazima ziwe za nchi ya akaunti yako. Na kabla hujalipia PS Plus, ile ada ya kucheza mtandaoni, jiulize unacheza nini mtandaoni. FC inaitaka. Fortnite na eFootball ni bure na haziitaki.

Xbox nitaipita haraka. Series S ilianza kwa dola 299 na kama mashine ni ya thamani kuliko bei yake, lakini haina CD kabisa, na hesabu yake nzima imesimama juu ya Game Pass, huduma ya kulipia magemu kwa mwezi, ambayo daraja lake la Ultimate ilipanda Oktoba 2025 kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Na huku kwetu hutapata wa kuchenji naye CD za Xbox kirahisi. Nenda tu kama una ndugu au marafiki wanaoitumia.

Vya mkononi ndiko nilikovutika zaidi miaka hii, na ndiko kwenye mitego mingi.

Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449.99. Kioo cha inchi 7.9, kinapendeza, na vile vipini vinavyonasa kwa sumaku ni raha kuvichomoa na kumpa mwenzako kimoja mkacheze wawili. Watoto wakiwepo nyumbani, hakuna mashine inayoishinda. Lakini angalia kadi za magemu yake. Nyingine zina gemu zima ndani: Mario Kart World iko hivyo, na Cyberpunk 2077 waliiweka yote kwenye kadi ya GB 64, Mungu awabariki. Nyingine ni funguo tu. Unalipa bei kamili, unachomeka kadi, halafu mashine inakwambia pakua. Na bado kadi inabidi ikae ndani kila unapocheza, kwa hiyo umepata usumbufu wa kadi na gharama ya bando kwa pamoja. Boksi huwa na alama inayosema hivyo, sehemu ya chini ya jalada. Tafuta alama hiyo kabla ya kutoa hela. Faraja ni kwamba hata kadi ya ufunguo inauzika.

Kadi za kuongeza nafasi za Switch 2 ni microSD Express pekee. Ile microSD ya kawaida uliyoitoa kwenye simu itahamisha picha na video tu. Na ukinunua iliyotumika, ingia mtandaoni nayo mbele ya muuzaji, kwa sababu Nintendo wanazifungia mashine zilizochezea magemu ya kunakili, na kifungo kinabaki kwenye mashine hata ukibadilisha akaunti.

Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya magemu ya Steam, ndiyo ninayoipenda zaidi na ndiyo ninayoogopa kuishauri. Ilianza Februari 2022 kwa dola 399, toleo la kioo cha OLED likaja Novemba 2023. Magemu ya Steam yakipigwa punguzo yanakuwa bei ya soda, na yapo madogo mengi matamu sana: Stardew Valley, Balatro, hayali bando. Kwa mtu anayecheza peke yake, aliye na subira ya kupakua ofisini au chuoni, ni mali. Lakini ina mfumo wa Linux, na baadhi ya magemu ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu, kama Fortnite na Call of Duty, hayafunguki humo. Mpenzi wa Call of Duty asinunue Deck, basi. ROG Ally, mshindani wake wa mkononi kutoka Asus, inayafungua kwa kuwa ni Windows kamili, ila na usumbufu wote wa Windows kwenye kioo cha inchi saba. Ile ya Oktoba 2025 iliyobatizwa ROG Xbox Ally ilianza kuuzwa kwa dola 599.99, na kaka yake Ally X kwa dola 999.99. Kidude cheusi nilichokitaja mwanzo ndicho hiki. Ni kompyuta. CD zako za Xbox hazina pa kuingia.

PlayStation Portal ni kioo na pedi vilivyounganishwa. Kwa kawaida gemu linachezwa na PS5 yako, wewe unaliona kupitia wifi. Ni nzuri pale mama watoto anapotaka tamthilia na TV ni moja. Tatizo umeme ukikatika PS5 imezima, na Portal yako yenye betri imejaa inabaki kioo tupu.

Hapo kwenye umeme ndipo vya mkononi halisi vinapolipa. Nintendo wanasema betri ya Switch 2 inakaa saa 2 hadi 6.5, na kwa gemu zito hesabu ya chini ndiyo ya kweli. PS5 ikikatiwa ghafla katikati ya kuhifadhi, ukiiwasha inakwambia inakarabati hifadhi, na ikijirudia mara nyingi utakuja kulia. Nunua UPS ndogo, lile boksi la betri la kushika umeme ukikatika. Haitakusaidia kuendelea kucheza, itakupa dakika za kuhifadhi na kuzima vizuri. Na usiiache ikiwa imelala usiku kucha kama mtaani kwenu LUKU na TANESCO hawaelewani.

Wanaosubiri GTA VI, ambayo Rockstar wameitangaza kwa tarehe 19 Novemba 2026, itakuwa ya PS5 na Xbox Series. Hakuna haja ya Pro kwa ajili yake, na ukiniuliza leo hii nitakujibu: PS5 Slim yenye mlango wa CD, iliyotumika vizuri, pamoja na UPS. Hela ikibaki, nunua pedi ya pili kabla ya gemu la pili.