Mzee wa Stempu Anajibu: Hiyo Bluu Yako Ilizaliwa Bluu?

Mzee shikamoo. Nimerithi albamu ya babu, mna stempu nne zinazofanana kila kitu, tatu ni za kijani na moja ni bluu kabisa. Katalogi inataja kijani tu. Nimeokota dhahabu au? – Mjukuu

Marahaba mjukuu wangu. Usianze kuchagua gari kwanza. Kijani cha kwenye stempu mara nyingi wachapaji wanakipata kwa kuchanganya bluu na manjano, sasa huyo manjano ndiye dhaifu wa nyumba, jua likipiga anaondoka yeye kwanza, au mtu anaitia stempu dawa kwa makusudi anaondoka vilevile, na bluu anabaki peke yake amekaa pale kama ndiye mwenye mali. Stempu za hivyo zimejaa sana na kila wiki mtu ananiandikia kuhusu moja.

Chukua lenzi uitazame taratibu. Karatasi yake imekuwa na umanjano kuliko ya wenzake? Wino wa muhuri nao umepauka? Kama kwenye bahasha ilifunikwa kidogo na stempu nyingine utaona kabisa mpaka, upande mmoja kijani upande mwingine bluu, hapo kesi imeisha. Alafu iweke katikati ya zile tatu za kijani, siyo peke yake mezani, maana jicho likiona rangi moja tu linaipa jina linalotaka lenyewe.

Ila sisemi makosa ya kweli hayapo. Sweden mwaka 1855 walitoa stempu ya skilling 3 (skilling ni hela yao ya zamani), rangi yake bluu-kijani, na ya skilling 8 ikawa ya manjano. Ikaja kupatikana moja ya skilling 3 iliyochapwa kwa manjano, mwanafunzi aliikuta kwenye barua za zamani za bibi yake akamuuzia mfanyabiashara kwa kronor 7, na akafurahi! Mwaka 1996 hiyohiyo iliuzwa kwa mnada zaidi ya faranga za Uswisi milioni 2.8. Mpaka leo inajulikana moja tu duniani. Lakini ona tofauti, hakuna jua linaloweza kugeuza bluu-kijani kuwa manjano iliyokoza vile, na hata hivyo wataalamu wameipima na kuipima tena miaka na miaka na bado wapo walioitilia shaka. Sasa kama ile imehojiwa hivyo, ya kwako wewe mjukuu nayo ikubali kuhojiwa kidogo.

Nina stempu ambayo katalogi inasema ni ya rangi ya chungwa lakini yangu ni kahawia inayoelekea kuwa nyeusi. Rafiki yangu anasema niiuze haraka kabla watu hawajashtuka. – Dada wa Albamu

Dada yangu, huyo rafiki mwambie atulie. Rangi nyingi za zamani za chungwa, manjano na baadhi ya nyekundu zilitengenezwa na madini ya risasi, na risasi ikikutana na salfa, iwe ya kwenye hewa chafu au hata ya kwenye mpira wa kufungia, inageuka nyeusi. Wakusanyaji wanasema imeshika kutu, kikemia siyo kutu lakini jina limeshazoeleka. Dalili yake ni kwamba weusi haulingani, unaanzia pembeni kwenye meno, yaani ile mikato ya ukingoni, au unakaa madoamadoa, na ukitazama kwa lenzi utakuta sehemu chungwa limebaki.

Wapo wanaoirudisha kwa kupaka haidrojeni peroksaidi nyepesi na kweli inarudi, nimeona kwa macho yangu kahawia ikifunguka kuwa chungwa ndani ya dakika chache. Mi sina ugomvi nao ilimradi ukiuza umwambie mnunuzi, ukinyamaza hapo ndo tunakosana. Na usijaribie kwenye ile unayoipenda.

Unatofautishaje wekundu mmoja na mwingine? Katalogi ina waridi, wekundu wa damu, damu ya mzee, sijui nini, mi naona nyekundu tu. – Macho Mawili

Hapa ndo penye utamu, na ndipo mi mwenyewe nilipoumia mwanzoni. Zamani wino ulichanganywa upya kila awamu ya kuchapa, kwa hiyo stempu ileile ikichapwa miaka kumi inatoka na wekundu wa kila aina, na awamu moja ikiwa ndogo basi wekundu wake unakuwa adimu. Majina ya kwenye katalogi hayatakusaidia sana, katalogi hii inaita waridi kile ambacho nyingine inaita wekundu mpauko. Kinachosaidia ni stempu yenyewe ambayo una uhakika nayo, hasa iliyogongwa muhuri unaosomeka tarehe, maana tarehe inakuambia awamu gani ilikuwa haijachapwa bado.

Kata kadi ya kijivu utoboe vitundu viwili vinavyolingana, vilaze juu ya stempu mbili ili uone rangi tu bila picha wala ukingo mweupe. Fanya mchana karibu na dirisha lakini siyo kwenye jua lenyewe, maana chini ya taa rangi mbili tofauti zinaweza kufanana pacha. Zitoe kwenye plastiki. Zikiwa na maji subiri zikauke. Na ukishatazama nyekundu ishirini mfululizo pumzika, jicho linachoka na linaanza kukuonyesha unachotamani.

Nimesema niliumia. Nilikuwa na stempu ya Uingereza ya Malkia Victoria, ile ya kijani ya 1883 na 1884, imeganda kwenye kipande cha bahasha, nikailoweka kwenye maji ya uvuguvugu kama nilivyoloweka nyingine mia. Nikaenda kunywa chai. Kurudi nakuta maji yana rangi na stempu imekuwa kama jani lililokauka. Sikujua kwamba wino ule ulitengenezwa makusudi uchuje, ili mtu asiweze kufuta muhuri akaitumia tena. Kwa hiyo ukiona ya kijani mpauko ya toleo lile siyo aina mpya, ni mtu kama mimi.

Katalogi inasema stempu yangu ni ghali, muuzaji ananipa hela ya mboga. Ananiibia? – Mwenye Hasira

Siyo lazima. Bei ya katalogi ni ya muuzaji kukuuzia wewe, tena stempu safi isiyo na mchubuko, na zile bei za chini kabisa zinalipa kazi ya kuitafuta na kuihifadhi kuliko stempu yenyewe. Geuza nyuma uangalie gundi, tazama kama kuna sehemu karatasi imekonda, hesabu meno, angalia picha imekaa katikati.

Alafu kosa siyo lazima liwe na bei ya mbinguni. Marekani mwaka 1917 walikosea wakaingiza picha ya senti 5 kwenye bati la kuchapia stempu za senti 2, zikatoka senti 5 nyekundu badala ya bluu, kosa la wazi kabisa, lakini zilitoka nyingi kiasi kwamba bei yake haikaribii ile ya Sweden hata kidogo. Na upande wa pili, ile ya Uingereza ya peni mbili na nusu ya yubile ya Mfalme George V, 1935, ni bluu kwa bluu tu: kuna ya kawaida, na kuna ile ya majaribio ya rangi iliyouzwa posta kwa bahati mbaya, karatasi chache tu. Tofauti ya bluu na bluu, na watu wanalipa hela nyingi.

Kwa rangi za namna hiyo bila cheti cha wataalamu hakuna anayekulipa. Kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society London, chama cha wakusanya stempu cha Uingereza, ipo tangu 1894 kwa kazi hiyohiyo. Ila cheti kina gharama, kwa hiyo kwanza piga hesabu kama stempu yenyewe ikithibitishwa itakirudisha.

Nikutumie picha ya simu unihakikishie rangi? – Mwenye Haraka

Hapana. Simu inajirekebishia rangi yenyewe. Nitumie umbo, meno na muhuri, hivyo naweza kukusaidia.