Kabla mgeni wenu hajachomeka laptopu kwenye projekta, soma hapa

Mkuu, simamisha kwanza hiyo tarehe.

Umeandika kwamba kikundi chenu cha watu wa kanzidata (database) hapa Mwanza kinakutana mwezi ujao, mmepata mgeni kutoka Dar anayefanya kazi kwenye kampuni ya mikopo, na kwamba "atatuonyesha mfumo wao halisi, mubashara". Halafu ukauliza posho yake iwe kiasi gani, ukumbi mzuri uko wapi, mada gani zinavuta watu, na kama mgeni wa pili aliyeko Nairobi anaweza kuzungumza kwa Zoom. Posho! Ukumbi! Hayo maneno "mfumo wao halisi" umeyapita kama unavyompita muuza karanga stendi ya Nyegezi.

Mimi nilimwalika mtu wa aina hiyo hiyo, wa sekta hiyo hiyo, akaja kutuonyesha kitu hicho hicho. Nitakusimulia, na wale wa kucheka chekeni, nimeshazoea.

Mgeni wetu hakuwa mtu mbaya. PostgreSQL, ile programu ya kanzidata, anaijua mpaka kwenye mishipa. Mada yake ilikuwa kuharakisha ripoti ya marejesho, ile ambayo mhasibu anaibofya, anaenda kunywa chai, anarudi bado inazunguka. Watu walijaa: vijana wa vyuo, wahasibu waliojifunza SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, kwa shida za kazi, mtu wa benki, mtu wa hospitali, hata jamaa anayetunza mfumo wa stoo ya samaki kule Igogo. Soda zilikuwepo, maandazi yalikuwepo. Nilijiona waziri.

Akafungua laptopu, akajiunga na seva ya kazini kwao kwa intaneti ya simu. Simu yangu, mkuu. Bando langu.

Akaandika SELECT, amri ya kuvuta data, jedwali likajaa ukutani: tarehe ya mkopo, kiasi, siku za kuchelewa, namba ya simu. Mtu wa hospitali akauliza, "Hawa ni wateja kweli?" Mgeni akacheka: "Msiogope, majina nimeyaficha." Na ni kweli, safu ya majina ilikuwa nyota tupu. Namba za simu zilikuwa wazi, tarakimu zote kumi.

Sasa wewe na mimi tunaishi Tanzania. Hapa namba ya simu ni jina. Unaingia kwenye menyu ya kutuma pesa, unaandika namba, unaandika kiasi, na kabla hujathibitisha mtandao unakuletea jina la mwenye laini. Kijana mmoja wa nyuma akafanya hivyo hivyo. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kumwonyesha mgeni kwamba kuficha safu moja hakutoshi, na kitaalamu alikuwa sahihi kabisa, pengine ndiye pekee aliyetoa somo siku ile. Akachagua namba iliyokuwa juu kabisa kwenye orodha, maana mgeni alikuwa amepanga kwa deni kubwa kwanza. Akasoma jina kwa sauti.

Mwenzake wa kiti cha pembeni akasema, "Huyo si mama mkubwa?"

Mwanza ni jiji kwa cheti tu. Ukimtaja mtu Buzuruga, kuna anayemjua Kirumba. Mama mwenyewe anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, na mumewe hakuwa na habari ya huo mkopo. Alizipata jioni ile ile, kwa sababu kuna mwanachama aliyekuwa amepiga picha ya kuisifia shughuli yetu na kuiweka stetasi. Picha nzuri kweli: mimi nimesimama pembeni nimekenua meno yote, nyuma yangu madeni ya watu. Na wakati yote hayo yanatokea, mgeni bado alikuwa anaeleza indeksi, ile orodha ya pembeni inayosaidia kanzidata kutafuta haraka.

Hesabu ya hasara ni hii. Kampuni ya mgeni ilipata habari, yeye akaitwa kujieleza, na mimi hajapokea simu yangu tena. Chuo kilichotupa ukumbi bure kikatuambia kwa upole, kwa barua, tutafute mahali pengine. Mtu wa benki na mtu wa hospitali hawakurudi, na siwalaumu: mtu anayeshika data za watu akionekana kwenye chumba cha namna ile, kibarua chake kiko mashakani. Kikundi kikafa kifo cha kawaida, yaani kundi la WhatsApp likabaki la salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja. Mimi nikaenda Mwaloni kuomba radhi, nimebeba sukari. Mama alipokea sukari. Radhi aliniambia nirudi nayo nyumbani.

Na kuna sheria, kama hayo hayatoshi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Taarifa za mteja alizotoa ili apate mkopo hazikutolewa ili ziwe burudani ya Jumamosi kwetu. Usinijie na "lakini tulikuwa tunajifunza".

Nani alinidanganya? Kuna bwana mmoja aliyekuwa anaandaa mikusanyiko ya teknolojia Dar, nilimpigia kuomba ushauri kama wewe unavyoomba sasa. Nikamuuliza kama ni vizuri kuona slaidi na demo ya mgeni mapema. Akanijibu kwa ile sauti ya mtu aliyewahi kupanda ndege nyingi: mgeni mkubwa haulizwi, ukimkagua unamvunjia heshima, na isitoshe watu wamechoka na mifano ya kitabuni, wanataka data halisi. Mgeni njoo mwenyeji apone, akaniwekea na methali. Mwenyeji gani alipona? Nilipomweleza yaliyotokea akasema, "Ah, hapo ungemwambia afiche na namba." Ningemwambia lini, na wewe ulisema asiulizwe? Siku hizi nasikia anafundisha watu namna ya kuandaa matukio, kwa ada. Mungu ampe wateja wengi, na wote wawe na madeni.

Basi kanuni yangu ni moja, na kikundi changu kipya hakina nyingine: mgeni anaonyesha data ya kubuni, iliyo ndani ya laptopu yake, intaneti imezimwa, na mwandaaji ameiona demo nzima kabla ya siku yenyewe. Mwambie awashe hali ya ndege kwenye laptopu, kisha aendeshe demo yake mwanzo mpaka mwisho mbele yako. Ikikwama, maana yake inategemea seva ya mtu, na hiyo haipandi jukwaani hata kama mgeni ana vyeti vya kujaza ukuta.

Atakwambia data ya kubuni haina mvuto. Mjibu hivi. Kila programu ina kanzidata zake za mfano: anayetumia SQL Server ana AdventureWorks na WideWorldImporters bure. Wa MySQL ana Sakila. Wa Oracle ana ile HR ya tangu enzi. Wa PostgreSQL atumie pgbench, chombo chake cha majaribio: aandike pgbench -i -s 100 akanywe maji. Akirudi atakuta jedwali la pgbench_accounts lenye mistari milioni 10. Atafute kwa safu ya bid, ambayo haina indeksi, watu waone mashine inavyosoma jedwali zima. Aweke indeksi, arudie. Somo ni lile lile alilotupa mgeni wangu, bila mama wa mtu yeyote ndani yake.

Kipingamizi pekee chenye akili ni kwamba data za namna hiyo zimesawazika mno, wakati maisha hayako hivyo: wateja wachache wana miamala maelfu na wengi wana miwili. Sawa. Atumie generate_series inayozalisha mistari na random() inayotoa namba za kubahatisha, hiyo random() aipandishe kipeo cha tatu, mzigo mwingi utalalia upande mmoja kama kwenye duka halisi. Akishindwa hilo, huyo si mgeni wa kulipiwa nauli.

Kuna atakayesema "mgeni wangu ni mzoefu, hawezi kukosea". Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa programu za watu, na hao si watoto, alidhani yuko kwenye seva ya akiba kumbe yuko kwenye seva kuu, akafuta saraka ya data. Kati ya kama GB 300, aliposimamisha amri zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakakimbilia bakapu, wakakuta pg_dump, chombo cha kuchukua bakapu za PostgreSQL, ilikuwa inafeli kimya kimya, kwa sababu waliyokuwa wanaitumia ni ya toleo 9.2 na kanzidata yenyewe ilikuwa 9.6. Data za takriban saa 6 zikapotea. Huyo alikuwa peke yake na skrini yake. Wa kwako atakuwa na macho ya ukumbi mzima usoni, kipaza sauti kinachokoroma, na mtu anapitisha maandazi.

Tena mgeni wangu alikuwa amepanga, baada ya mapumziko, kuonyesha EXPLAIN ANALYZE kwenye amri ya UPDATE. Kwenye seva ile ile. Kwa asiyejua: EXPLAIN peke yake inakupa tu mpango wa namna amri itakavyotekelezwa, lakini ukiongeza ANALYZE, PostgreSQL inaitekeleza amri kweli. Ukiiweka mbele ya UPDATE, data zinabadilika. Mbele ya DELETE, zinafutika. Lazima uanze na BEGIN na umalizie na ROLLBACK, inayotengua mabadiliko. Fujo ya mama mkubwa ilitukatisha kabla hatujafika huko, kwa hiyo kwa namna fulani yule mama aliokoa vitabu vya kampuni iliyomwanika. Hawajamshukuru.

Mada uliyouliza: hiyo habari ya GitLab ni mada tosha. Wao wenyewe waliandika kila kitu hadharani, na hata kazi ya kurejesha data waliirusha mubashara YouTube. Mpe mgeni aichambue, kisha kila mwanachama aseme mara ya mwisho kurejesha bakapu yake kwa majaribio ilikuwa lini. Chumba kitanyamaza, utaona.

Ukumbi, jaribu vyuo, wana projekta na jenereta. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, watu wa Sengerema na Geita hawana kisingizio cha kivuko, kwa hiyo hesabu viti vya kutosha. Wadhamini wape meza nje, mlangoni, wagawe kalamu zao huko.

Sasa mpigie huyo mgeni wako leo, si kesho. Usimuulize anakula nini wala analala wapi. Muulize demo yake inaunganishwa na seva ipi. Akisema "localhost", yaani laptopu yake mwenyewe, endelea naye. Akisema "usijali, nitaficha majina", rudi hapa uniambie, tutafute mwingine kabla hamjachapisha bango. Hiyo posho tutaongea ukishaleta jibu lake.