Maswali ya Wasomaji: A00, mstari wa baba wenye mizizi mirefu kuliko yote

Wiki hii nimeweka kando maswali ya selimundu na kisukari cha kurithi, maana wengi wenu mmeuliza kuhusu mstari wa baba na nasaba adimu iitwayo A00. Kwa anayeanza leo: kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, kizazi hadi kizazi, ikibadilika kidogo sana. Binti haipati. Tuendelee.

"A00 ilijulikanaje, na kwa nini ilionekana kwanza Marekani wakati mnasema asili yake ni Afrika?" (Dodoma)

Ilijulikana kwa sababu Wamarekani weusi hawajaacha kutafuta kwao. Mtu wa ukoo wa Perry, huko South Carolina, alitoa sampuli kwa kampuni ya vipimo vya nasaba. Majibu yalipotoka, hakuwa na alama hata moja ya kumweka kwenye tawi lolote lililokuwa limekwisha kuchorwa katika mti wa kromosomu Y, yaani mchoro wa jinsi mistari ya baba ilivyoachana kutoka shina moja, babu wao wa pamoja. Sampuli ikafika Chuo Kikuu cha Arizona, kwa Michael Hammer na Fernando Mendez, na mwaka 2013 timu yao ikatangaza tawi jipya chini kabisa ya mti wa kromosomu Y. Miaka miwili tu kabla ya hapo, shina la mti huo lilikadiriwa kuwa na miaka 142,000. Tawi hili lililisukuma nyuma sana.

Kisha watafiti wakapekua kumbukumbu za Waafrika waliokwisha kupimwa. Wakaikuta A00 kwa Wambo wa magharibi mwa Cameroon, wanaume 11 kati ya 174. Baadaye ikaonekana kwa majirani zao Wabangwa, tena kwa wingi zaidi. Hapo pananiuma. Sampuli za Wambo zilikuwepo tayari, ila hakuna aliyekuwa amezichimba hadi mjukuu wa watumwa wa ng'ambo alipoleta ya kwake. Bara lenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko yote duniani bado linapimwa kijuujuu.

Babu wa mbali zaidi anayejulikana wa ukoo ule, Albert Perry, alizaliwa utumwani Marekani kati ya 1819 na 1827, akaishi York County. Ukimpita huyo, kupata karatasi ni kazi ngumu. Sensa ya Marekani ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860, wengi wao waliandikwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la aliyewamiliki. Anayewabeza watu hawa kwa kulipia vipimo akumbuke kwamba yeye anaweza kumuuliza bibi yake jina la babu wa babu. Wao hawana wa kumuuliza.

"Kwa hiyo Adamu aliishi miaka 338,000 iliyopita?" (Mombasa)

Swali hili nimelijibu mara nyingi na linarudi vilevile, kwa sababu watu husambaza kichwa cha habari bila kusoma habari yenyewe. Miaka 338,000 ni kadirio la kwanza la timu ya Arizona la umri wa shina la mti. Mwaka 2014 watafiti wengine waliipinga hesabu hiyo wakatoa kama 208,000. Utafiti mkubwa wa 2015 ulitoa 254,000, na wa mwaka 2020 ukaangukia karibu na hapo. Ugomvi wote ni juu ya jambo moja: kromosomu Y hupata mabadiliko mapya kwa kasi gani. Ukiifanya kasi iwe ndogo, miaka inaongezeka. Ukiikuza, inapungua. Anayekutajia 338,000 leo aliishia 2013.

Na mwanamume huyo wa kwenye shina, anayeitwa "Adamu" kwa kuwa mistari yote ya baba inayojulikana leo inarudi kwake, hakuwa peke yake duniani. Aliishi kati ya wanaume na wanawake wengine wengi. Mistari ya wenzake ilikatika pale walipopata mabinti tu au walipokosa watoto, ingawa vinasaba vyao vingine viliendelea kupitia hao mabinti. Ikipatikana kesho nasaba ya kale kuliko A00, cheo hicho kitahamia kwa mtu wa zamani zaidi. Msiibebe hesabu hii kwenda nayo msikitini wala kanisani kubishana na mtu. Haijibu swali la huko.

"Kipimo cha kromosomu Y kitanitajia kabila langu?" (Arusha)

Hapana. Kabila ni lugha, malezi na watu waliokupokea.

"Nimesikia wenye A00 wana damu ya viumbe wa kale, si binadamu kama sisi. Kweli?" (Bukoba)

Si kweli, na naomba maneno hayo yasirudiwe mbele ya mtu yeyote wa Cameroon. Chanzo chake ni hiki: mwanzoni, miaka ilipohesabiwa kuwa mingi mno, watafiti wenyewe walitaja uwezekano kwamba mstari huu uliingia kwetu kutoka kwa jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Wakalitaja fuvu la Iwo Eleru, Nigeria, lililofukuliwa 1965, lenye umri wa miaka kama 13,000 na umbo la kizamani. Lilikuwa wazo la kupimwa. Walioligeuza kuwa tusi ni wengine.

Tazama namba. Mifupa ya Jebel Irhoud, Morocco, inayohesabiwa kuwa ya mababu wa awali wa binadamu wa leo, ina miaka kama 300,000. A00 kuachana na matawi mengine miaka 250,000 iliyopita hakuna ajabu. Waneandertali, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, kwa kromosomu Y zao waliachana nasi mapema zaidi, kama miaka 370,000 iliyopita kwa hesabu ya 2020. Katika mti huo A00 iko upande wetu, pamoja na kila mwanamume anayesoma hapa.

Halafu wanaume wa Kimbo wenye A00 wanaishi na wake zao, kaka zao na binamu zao wasio nayo, na katika vinasaba vingine wote ni watu wamoja. Hesabu mwenyewe: ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu Y inakupa habari za mmoja wao.

"Sisi Wabantu tumetoka Cameroon. Mbona hatuna A00?" (Kigoma)

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye pango la Shum Laka, karibu na Bamenda, katika nyanda za juu ambako wataalamu wa lugha huweka chimbuko la lugha za Kibantu. Mabaki ya watoto wanne waliozikwa humo yalitoa DNA, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Wawili walizikwa miaka 8,000 hivi iliyopita, wawili miaka 3,000. Mmoja wa wale wa zamani, mvulana aliyekuwa katika ujana, alikuwa na A00.

Wengi walitarajia kuwakuta mababu wa Wabantu pale. Hawakuwa wao. Kwa vinasaba vyao vyote, watoto hao walikuwa karibu zaidi na wawindaji wa msituni kama Wabaka na Waaka kuliko na Wabantu wa leo. Yaani katika eneo moja waliishi watu wa asili mbalimbali, na waliosambaa hadi kwetu walikuwa wengine. Wanaume wao walibeba zaidi mstari wa E-M2, ambao hadi leo ndio mwingi kwa wanaume wa Kibantu. Inaelekea waliobaki na A00 walizungukwa, wakaoana na wageni, na lugha zikabadilika. Leo Wambo wanazungumza lugha ya Kibantu huku baadhi ya wanaume wao wakibeba mstari uliokuwepo pale Wabantu hawajaanza safari. Lugha ilikwenda njia yake na kromosomu njia yake. Hilo nimekuwa nikiwaeleza tangu safu hii ianze.

"Wazee wetu walisema sisi ni Washirazi. Kromosomu Y itathibitisha?" (Lamu)

Itathibitisha nusu ya hadithi, na watu wengi hutaka kuishia hapo. Utafiti wa 2023 uliohusisha mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani kati ya 1250 na 1800, ulikuta kwamba kuchanganyika na watu wa Uajemi kulianza mnamo mwaka 1000. Wanaume wengi walikuwa na kromosomu Y za Asia. Upande wa mama ulikuwa karibu wote wa Afrika. Wazee hawakudanganya. Lakini mwenye kujivunia Ushirazi kwa kumtaja baba tu anawafuta mabibi waliomzaa na kumfundisha Kiswahili.

"Kuna Mzungu mwenye nasaba ya baba ya Kiafrika?" (Leeds)

Wako, hapo hapo kwenu Yorkshire. Mwaka 2007 watafiti wa Leicester waliwapima wanaume 18 wenye jina moja adimu la ukoo. Saba walikuwa na mstari wa baba wa Afrika Magharibi, tawi la kundi liitwalo A, wala hawakuwa na habari.

"Mwanangu hafanani nami. Nipime kundi la nasaba?" (Morogoro)

Hicho si kipimo chake. Kwa Tanzania, uhalali wa mzazi hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia ustawi wa jamii, wakili au mahakama. Na kufanana kwa sura si ushahidi.

"Mimi ni mwanamke na baba amefariki. Nitajuaje mstari wake?" (Muscat)

Mtafute kaka yako wa baba mmoja, baba mkubwa au baba mdogo, au mtoto wa kiume wa mmoja wao. Mjomba hafai, yeye ana mstari wa babu mzaa mama. Shangazi hana kromosomu hiyo, sawa na wewe.

Kabla ya kumpa baba mdogo kichupa, mweleze mambo mawili. La kwanza, majibu yanaweza kuonyesha kwamba yeye na marehemu hawakuchangia baba, na hilo likishajulikana halirudi nyuma. La pili, taarifa zake zitakaa kwa kampuni. 23andMe, kampuni ya Marekani ya vipimo vya vinasaba, ilidukuliwa mwaka 2023, taarifa za watu milioni 6.9 hivi zikafikiwa, na mwaka 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Vinasaba vyake ni vya wanawe na wajukuu pia. Akikataa, mwache.