Jikoni na Shangazi: keki inabonyea, maharage hayaivi, chipsi zinatoka nyeusi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka huku kwetu juu, Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Makete, na nyingi zinalalamikia jambo lile lile ila wenyewe hawajajua kama ni lile lile. Nimezifupisha kidogo, ndefu zingine jamani zilikuwa na historia ya ukoo mzima.

Shikamoo shangazi. Nipo Forest hapa Mbeya, nimeanza kuoka keki za oda nyumbani. Vipimo nimepewa na dada yangu wa Dar, kwake keki inatoka nzuri mno ila kwangu inapanda haraka haraka, inapasuka juu, afu ikianza kupoa inabonyea katikati inakuwa kama sahani. Kila mtu ananiambia nimefungua oveni mapema na mimi sijafungua. Jumapili ijayo nina keki ya kipaimara, nisaidie.

Marahaba mwanangu. Hao wa oveni waache waseme. Vipimo vya dada yako havina shida, vimehama mji tu. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na yeye anaoka pale pale baharini. Ukipanda juu hivi hewa inakuwa nyepesi, haiikandamizi keki, kwa hiyo ile gesi ya beking pauda inatanuka kwa fujo, keki inafumuka kabla unga na mayai havijashika, ikifika juu haina cha kuishikilia inarudi chini. Na unyevu nao unakauka upesi, ndo maana keki nyingi za huku siku ya pili zinamung'unyuka ukikata.

Anza na beking pauda. Kama vipimo vinasema vijiko viwili vya chai wewe weka kimoja na nusu, hiyo peke yake inaponya keki nyingi na ikikubali wala usihangaike na mengine. Bado inabonyea? Kwenye kila kikombe cha sukari toa kijiko kimoja cha chakula, maziwa ongeza vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa kila kikombe cha maziwa kilichoandikwa, na unga ongeza vijiko viwili kwenye keki nzima. Moto kama ulikuwa 180 peleka 190 ili keki ishike mapema kabla haijaanza maringo, ila anza kuichungulia dakika tano au kumi kabla ya muda wa dada yako. Afu mayai, hapa wengi wanajiumiza, wanapiga mpaka povu linasimama kama wanashindana, ile yote ni hewa unaingiza na hewa ndo inayokusumbua, piga mpaka yawe meupe mazito ya kumiminika basi. Tini usijaze kupita nusu.

Katikati ya wiki oka kakeki kadogo ka majaribio, usijaribu kwenye keki ya watu. Na ikitokea Jumamosi usiku imebonyea usilie, kata ile kingo ya juu iwe sawa, igeuze chini iwe juu, paka krimu, wageni wa kipaimara hawatajua na wewe usiwaambie.

Kamwene shangazi. Mimi ni kijana wa Mafinga, fundi seremala, mke wangu kajifungua nataka kumuokea keki mwenyewe. Oveni sina, nina jiko la mkaa na masufuria.

Kamwene baba, hongereni sana kwa mtoto. Wanaume wa hivi waandike kila mwezi.

Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu uliochekechwa unene wa vidole viwili, funika, weka jikoni robo saa mpaka dakika ishirini mchanga upate moto. Ndani weka vijiwe vitatu vidogo, tini ya keki ikae juu ya vijiwe isiguse mchanga, funika na mfuniko wa bati afu juu ya mfuniko weka makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, ukigeuza utaratibu huo unapata keki iliyoungua tako na kichwa kibichi. Kujua moto, nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati uweke humo ndani: ukibadilika rangi taratibu endelea, ukiwa mweusi papo hapo toa makaa. Kwa beking pauda soma jibu la mama wa Forest hapo juu, Mafinga nayo ipo juu vile vile.

Ila nisikilize kwa hili. Oka nje au barazani, na ukimaliza lile jiko usiliingize chumbani kwa mzazi eti mtoto apate joto. Mkaa unatoa gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala huioni, na baridi ya Mafinga inafanya watu wafunge kila dirisha. Familia zinalala haziamki kwa ajili ya hiyo. Mtoto apewe blanketi na kofia.

Ugonile mwanangu. Mimi ni bibi wa hapa Tukuyu. Toleo lililopita ukaandika watu waache magadi kwenye maharage. Sasa kuni utaniletea wewe? Bila magadi maharage yanachemka tangu alfajiri mpaka watu wanatoka kanisani.

Shikamoo bibi. Kuni sileti ila sibadilishi maneno. Magadi yanalainisha kweli, tena haraka, lakini yanaua vitamini B1 iliyomo kwenye maharage na ukizidisha kidogo tu mboga inanuka sabuni. Ukitia punje ndogo kwenye sufuria kubwa sitakufuata, ninaowasema ni wale wa kutia kipande kizima.

Adui yako siyo kukosa magadi bibi. Maji hapo Tukuyu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, Dar yanafika 100, na ukishuka Kyela tu hapo kwa majirani yanakaribia 98. Unaona povu linaruka juu unadhani moto mkali, kumbe maharage yanapikwa na maji ambayo hayajapata joto lile la wenzetu wa chini, na hata uongeze kuni mzigo mzima maji hayapandi zaidi ya hapo yanakauka tu. Kwa hiyo kuni nyingi siyo dawa, chochea mpaka yachemke vizuri afu punguza, funika, acha yaendelee polepole.

Kinachosaidia kinafanyika usiku. Loweka kwenye maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita mbili, asubuhi mwaga yale maji uoshe, ganda linakuwa limelegea. Wengi tumefundishwa chumvi inakomaza maharage, kwenye kuloweka siyo kweli, jaribu uone. Vinavyokomaza ni nyanya na ndimu, ile asidi inazuia ganda kulainika, hivyo nyanya zisubiri mpaka maharage yaive kabisa. Na muulize aliyekuuzia kama ni ya msimu huu, maharage yaliyokaa stoo yenye joto na unyevu mwaka mzima hata ungeyapikia Dar hayaivi. Watu wengi wanapenda Njano Uyole, yale yaliyotoka kituo cha utafiti hapo Uyole, nami nayapenda kwa mchuzi wake mzito.

Wajukuu wakikuuliza zawadi ya Krismasi waambie sufuria ya presha. Mle ndani mvuke hautoki, joto linapita nyuzi 110, maharage yaliyolowekwa yanaiva ndani ya nusu saa hivi na mlima haunyanyui mguu. Neno la mwisho hapa, maharage mekundu makubwa yasiliwe yakiwa na kiini kigumu, yana sumu inayotapisha na kuharisha mpaka yachemke sawa sawa, kuyaacha kwenye maji ya moto tu bila kuchemka hakutoshi.

Shangazi habari, naandika kutoka Njombe. Viazi ni vyangu nimevuna mwenyewe, vizuri vikubwa, lakini tangu mwezi wa sita chipsi zinakuwa kahawia nyeusi kabla hazijaiva ndani, na zina utamu wa ajabu. Mafuta nimebadilisha, sufuria nimebadilisha.

Utamu huo ndo umejibu. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali, chini ya nyuzi saba nane hivi, kinageuza wanga wake kuwa sukari, na Njombe mwezi wa sita na wa saba stoo yako usiku ni friji kabisa. Sukari ikikutana na mafuta ya moto inaungua, ndani kiazi bado kibichi. Mafuta hayana kosa.

Hamishia viazi vya wiki mbili zijazo karibu na jikoni, penye joto kidogo ila giza, maana vikipigwa mwanga vinakuwa kijani na kijani kile hakiliwi. Wiki moja mpaka mbili sehemu kubwa ya sukari inarudi kuwa wanga. Ukishakata vipande osha maji mawili, loweka nusu saa, kausha na kitambaa mpaka vikauke kweli, kaanga mara ya kwanza kwa moto wa wastani mpaka vilainike bila rangi, toa, vipumzike, afu rudisha kwenye mafuta ya moto dakika mbili tatu. Toa zikiwa rangi ya dhahabu, nyeusi usiwape watoto hata kama wanazililia.

Mimi ni mama wa Makete, maandazi yangu saivi hayaumuki. Hamira ni ile ile.

Huku juu kimo kinasukuma unga uumuke haraka lakini baridi inaurudisha nyuma, na Makete mwezi wa saba baridi inashinda. Hamira iamshe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, uchovye kidole usikie joto bila kuungua, subiri dakika kumi, isipotoa povu imekufa tupa. Maji ya kuchemka yanaiua pale pale. Beseni la unga likalishe ndani ya beseni kubwa lenye maji ya moto kiasi, funika blanketi. Au fanya ninavyofanya mimi, kanda usiku ukiwa na nusu ya hamira tu, acha mpaka asubuhi unaumuka wenyewe polepole na ladha inakuwa nzuri zaidi. Saa usiitazame, tazama unga, ukiwa mara mbili ndo tayari.

Shangazi, sendofu ya binti yangu ipo hapa Kihesa, wageni 150. Mchele wa Kyela tununue kilo ngapi, na kamati inasema tupike wali usiku ili asubuhi tusihangaike. Ni sawa?

Hongera mama. Kama wali ndo chakula chenyewe piga kilo moja kwa watu wanane, kilo 19 hivi, kama kuna ndizi na viazi pembeni kilo 15 zinatosha na watabeba mpaka nyumbani. Mchele wa Kyela ukiwa mpya wa msimu hauli maji mengi, pika kikombe kimoja mjaribu kabla ya siku yenyewe, na pika masufuria mawili matatu ya wastani badala ya sufuria moja kubwa ambalo chini bokoboko juu mbichi.

Kupika usiku hapana. Mwambie mwenyekiti wa kamati nimekataa mimi. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, ukikaa na uvuguvugu masaa mengi vinaamka na kutoa sumu, na hiyo sumu ukipasha tena haiondoki. Watu wanasema Iringa baridi itautunza, lakini wali uliojazwa kwenye hotpoti au ndoo ukafunikwa mablanketi haupati hiyo baridi, unalala na joto lake. Usiku chambueni mchele, menyeni vitunguu saumu, katakateni vitunguu maji, viungo vipimwe viwekwe kwenye vikopo. Nyama ikichemshwa usiku ipoe haraka iingie friji. Wali uingie jikoni masaa mawili matatu kabla ya wageni kukaa.

Parachichi zimejaa kwetu Rungwe mpaka zinaoza, naweza kuweka kwenye keki badala ya siagi?

Unaweza, ila siyo yote. Nusu siagi nusu parachichi lililoiva na kupondwa mpaka laini, lina maji ndani yake kwa hiyo maziwa punguza kidogo. Kamulia ndimu kidogo ukishaponda lisiwe jeusi. Keki itakuwa na ukijani fulani ambao watoto wanauogopa, weka kakao vijiko vitatu vya chakula na toa unga kiasi hicho hicho.